Hayakuwa Maji ya Kabichi

Lozells, Birmingham
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Nyokabi, mwenye jina lako. Natumai barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba goti limekubali ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa watu wa kanisa. Hapa baridi imeanza kuuma, ingawa najua ukisikia mtu analalamika baridi na hajawahi kulala Ol Kalou mwezi wa saba, unacheka. Ng'ombe wako mwekundu alizaa salama? Nyokabi aliniuliza jana, tena kwa Kiswahili, nikashangaa, maana siku hizi nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza kana kwamba mimi ndiye mgeni nyumbani.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Simu yako naijua, Mama. Huwekwa spika juu ya meza, na kabla sijamaliza kukusalimu nasikia jirani akikohoa. Haya niliyo nayo si ya jirani. Nakuomba uvae miwani yako uyasome peke yako, hata kama yatakuchukua siku mbili.

Najua shemeji Gathoni ameshakupigia. Ninajua na alichosema, kwa sababu ujumbe wako ulinifika: kwamba umesikia nimemfukuza mwanao nyumbani kwangu, mbele za watu, siku ya kumbukumbu ya dada yake, kwa sababu ya maji ya kabichi. Mama, maneno hayo nimetembea nayo wiki tatu. Nikisukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka wodi moja kwenda nyingine, nayasikia. Mimi ni mkwe wako kwa miaka kumi na saba, na sidhani umewahi kunisikia nikipaza sauti hata kwa mbwa. Sasa nina hasira, na nataka uijue yote ilikotoka. Hayakuwa maji ya kabichi.

Unamkumbuka Bi. Zoila, yule bibi wa Peru ambaye marehemu mke wangu Angeline alikuwa akimtunza kule Edgbaston. Aliolewa na Mwingereza zamani, mume akafa, watoto hawakujaaliwa, akabaki na nyumba kubwa na picha ukutani. Angeline alipoanza kazi kwake, alikuwa akimpashia vile vyakula vya pakiti, na bibi akawa anavisukuma kando. Siku moja akamwonyesha Angeline kwa mikono jinsi ya kupika supu ya kwao, inayoitwa sankochado. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao ya Jumatatu, yeye amekaa kwenye kiti akiamuru, Angeline amesimama jikoni akitii. Halafu Angeline akaileta kwetu. Kila Jumatatu jioni ukifungua mlango wetu unakutana na harufu yake.

Nikueleze inavyopikwa, ili uelewe kosa lililotendeka. Unachukua kidari cha ng'ombe, kipande kimoja kikubwa na mfupa wake na mafuta yake, unakitia kwenye maji baridi na chumvi. Hakuna kukaanga, Mama. Sisi tukiona nyama, mkono unaenda wenyewe kwenye kitunguu na nyanya. Hapa unauzuia. Unaacha nyama ichemke polepole, unaengua povu, unaengua tena. Baadaye unatia karoti nzima, seleri na kile kitunguu kinene cha majani. Halafu mahindi mabichi yaliyokatwa mapande, muhogo, viazi, na mwisho kabisa kabichi, robo nzima nzima. Hakuna kinachokatwakatwa. Saa tatu baadaye unapakua yale maji kwanza, kwenye vikombe, na watu wanayanywa yakiwa moto kabla hawajagusa kitu kingine. Ndipo nyama na mboga zinakuja kwenye sinia na pilipili ya kusaga pembeni. Bi. Zoila husema nyama ni ya meno, ila yale maji ndiyo supu yenyewe. Angeline naye alikuwa akilirudia neno hilo kila Jumatatu, kidole juu, kama mwalimu wa Shule ya Jumapili.

Alipotutoka hakuwa ameandika popote. Nikaanza kujaribu mwenyewe. Mara ya kwanza muhogo uliyeyuka ukawa uji. Mara ya pili kabichi ilinuka mpaka jirani akafungua dirisha lake kwa nguvu ili nisikie. Nikawa naenda kwa Bi. Zoila Jumapili baada ya ibada kumuuliza, ingawa kumbukumbu yake inakuja na kuondoka. Jumapili moja ananiambia viazi baada ya muhogo, Jumapili inayofuata ananiuliza kama nimekuja kutengeneza bomba. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa miezi minane, nikaipata. Nyokabi alionja, akasema imekaribia ya mama yake. Sikumbuki kama nimewahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwaka ulipotimia nikaamua kwamba siku ya kumbukumbu sitapika pilau wala sitaagiza chakula. Nitapika supu ya Angeline, nimlete Bi. Zoila aketi mezani pamoja na watu wa kanisa, waonje kitu ambacho mwanao alikipenda. Ijumaa nilienda kwa Kulwinder, yule mama Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, kununua muhogo na mahindi. Aliponiona nimejaza vikapu viwili akaniuliza kwa Kiswahili chake cha ziwani kama naoa tena bila kumwalika. Nilipomwambia ni kumbukumbu ya Angeline, akashika mdomo, akaongeza seleri bure. Tahlil muuza nyama, ambaye ni mtu wa Garissa, tayari alikuwa ameinua panga kukikatakata kidari. Nikapiga kelele aache. Akaniambia Mkenya anayenunua nyama nzima nzima ni ama ana harusi ama ana wazimu. Nikamwambia anifungie hivyo hivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo Gathoni hakulijua. Katika friza yetu, chini kabisa, nyuma ya mbaazi, kulikuwa na kopo la aiskrimu ambalo ndani yake hakuna aiskrimu. Ni supu. Angeline aliipika Jumatatu, akaiweka humo, na Jumanne ndiyo akaanguka kituoni akisubiri basi la kurudi nyumbani. Mama, mwaka mzima nimeishi na kopo hilo. Umeme ulipokatika mwezi wa pili nililifunga kwa blanketi na kukaa nalo jikoni kama mtu anayelea mtoto mgonjwa. Ilikuwa ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake ambayo bado unaweza kuitia mdomoni.

Asubuhi ya kumbukumbu nilianza saa mbili. Nyama ilipochemka na povu la kwanza kwisha, nililifungua kopo na kulitumbukiza lile bonge la barafu ndani ya sufuria. Nilisimama nikaliangalia mpaka likayeyuka lote. Nikamwita Nyokabi, nikamwambia leo utaonja mkono wa mama yako, si wangu. Akaegemea bega langu. Ana miaka kumi na minne, Mama, hajaegemea bega la mtu tangu mazishi. Nikatia mboga za kwanza na mahindi, nikapunguza moto, nikamwambia asiguse kitu mpaka nirudi, nikachukua teksi kwenda Edgbaston kumleta Bi. Zoila. Nyokabi akapanda juu kuosha nywele.

Gathoni aliingia mimi nikiwa njiani. Alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, hajalala, amekuja kunisaidia, na aproni yake amebeba kutoka kwake Kings Heath. Hilo nalikubali, na ninaliandika hapa ili usiseme nimelificha. Lakini mtu akiingia kwenye jiko la mwenzake si huuliza kwanza? Binti yako alifunua sufuria, akaona bonge la nyama limelala ndani ya maji na mahindi na karoti nzima, na povu limepanda tena. Hakuona nyanya wala kitunguu kilichokaangwa. Akasema moyoni, maskini shemeji. Akayachukulia yale kuwa ni maji ya kwanza, kama ya mahindi na maharagwe ya githeri, yale ya kuchemshia ambayo kila mtu humwaga. Akayamwaga kwenye sinki, Mama, yote. Halafu akakata nyama vipande vidogo, akaikaanga vizuri kwa kitunguu na nyanya na unga wa mchuzi, akanyunyiza dania.

Nilipofungua mlango nikimshika Bi. Zoila mkono, harufu ya kitunguu ilinipiga usoni. Watu kumi na wawili walikuwa wameshaketi. Nikaenda jikoni. Gathoni alikuwa anakoroga, amechoka, anatabasamu. Akaniambia, "Shem, nimekuokoa! Watu wangekuta nyama imelowekwa kama nguo." Nikamuuliza supu iko wapi. Akaniuliza supu gani. Nikamuuliza yale maji yako wapi. Akacheka, akasema yale maji ya kabichi ameshanimwagia, tena sinki ameiosha.

Hata kabichi sikuwa nimeitia, Mama! Kabichi ilikuwa bado mezani, nzima!

Sikumpiga wala sikumgusa. Lakini nilisema maneno ambayo yalisikika mpaka barabarani. Nilimwambia hakuwahi kumjua dada yake. Nilimwambia ya kwamba Angeline mwenyewe angekuwepo angemwonyesha mlango, na kwa kuwa hayupo, nitamwonyesha mimi. Alivua aproni, akaikunja mara nne huku analia, akaiweka kwenye kiti, akapita katikati ya watu. Mzee wa kanisa akaanza kuomba ingawa hakuna aliyemwomba.

Basi ulipoambiwa nimemfukuza, ni kweli nimemfukuza. Na mpaka leo naona kwamba mtu hapaswi kumwaga sufuria ya mwenzake bila kuuliza, awe shemeji, awe nani. Hilo silifuti hata ukinikasirikia.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Nimeandika barua hii mara mbili kabla ya leo, na mara zote mbili iliishia hapo, nikaichana. Kuna kilichotokea mezani ambacho Gathoni hakuwepo kukiona.

Tulikula ule mchuzi, tungefanyaje. Bi. Zoila aliupenda, akaomba aongezwe, nami nikamkasirikia hata yeye. Alipomaliza akanitazama, halafu akamgeukia Nyokabi akamwuliza kama huyu ndiye yule mwanamume asiyekunywa supu. Akasema Angeline alimweleza asubuhi moja, kwamba mume wake amesusa supu ameenda kula kuku barabarani, na kwamba wao wawili walicheka. Watu walidhani ni kumbukumbu yake inapotea. Nyokabi hakudhani hivyo. Aliweka uma chini, akanitazama, nami nikaanza kukusanya sahani.

Mama, siku ya mazishi kule kwetu Mbale, nilisimama mbele ya jeneza nikawaambia watu kwamba usiku wa mwisho mimi na Angeline tuliketi pamoja tukanywa supu yake, tukacheka. Wewe ulinishika mkono, ukasema umepata kitu cha kushikilia, kwamba mtoto wako alikula na mume wake kwa furaha kabla hajalala. Umenikumbusha neno hilo kwenye simu zaidi ya mara moja. Si kweli. Nilisema uongo mbele ya jeneza la mwanao.

Ilikuwa hivi. Nyokabi alikuwa Wales na wanafunzi wenzake wiki ile, tulikuwa wawili tu. Nilirudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, miguu inawaka. Angeline akanipa kikombe cha supu kwa mikono miwili. Nikamuuliza mimi ni mgonjwa gani wa kunyweshwa maji kwenye kikombe. Nikamwambia maji kama hayo nayaona siku nzima kwenye trei za hospitali. Nikauliza ugali uko wapi. Unajua nilivyo, Mama, unakumbuka mara ya kwanza nilipokuja kwako ukanipa mukimo, na Angeline akalazimika kunisongea ugali wa siri kwa mama mdogo, na ulipogundua ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikuwa nimezoea kuchekewa. Jioni ile hakucheka. Nilivaa koti, nikaenda kununua kuku na chipsi, nikala nimesimama nje ya duka kama mtu asiye na kwake. Niliporudi, jikoni kulikuwa safi, naye alikuwa ameshalala, au alijifanya amelala. Sikumsemesha. Asubuhi aliondoka kabla sijaamka.

Lile kopo nililikuta baada ya kurudi kutoka mazishini. Juu ya kifuniko alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa kalamu yake ya kazini: Ya Beth. Kesho.

Haikuwa supu ya kumbukumbu. Ilikuwa sehemu yangu niliyoikataa, akaniwekea. Kama ningemwambia Gathoni kuna kopo ndani ya sufuria ile, angeniuliza lilibakije, na kwa nini limeandikwa jina langu, na ningelazimika kujibu. Ndiyo maana sikumwambia. Nilitaka watu wajae mezani, nipakue vikombe, nami ninywe changu katikati yao bila mtu kujua ninakunywa nini. Nilidhani nikifanya hivyo nitakuwa nimemjibu. Gathoni alimwaga kitu ambacho sikumpa nafasi ya kujua ni nini, halafu nikamtupia yeye maneno ambayo mwaka mzima nimekuwa nikijiambia mwenyewe.

Hayo ya Bi. Zoila, kwamba walicheka, sijui niyaamini au la. Nimeenda kumuuliza tena Jumapili mbili. Ya kwanza hakunikumbuka. Ya pili alilala.

Juzi nilimweleza Nyokabi yote. Nilimtolea ile karatasi, ambayo niliibandua siku ile nikaiweka ndani ya Biblia. Aliitazama sana. Hakunilaumu wala hakuniambia ni sawa. Alisema tupike tena Jumamosi, tuipeleke Kings Heath kwa shangazi, maana ndivyo yeye anavyomwita Gathoni, kwa Kiingereza hawana neno la mama mdogo. Akasema yeye ataushika mfuniko ndani ya basi. Halafu akasema, hili kwa Kiswahili, kwamba kabla hatujaondoka mimi nitakunywa kikombe kizima, na yeye atasimama pale akiangalia.

Kwa hiyo Jumamosi nitaenda. Nitapeleka supu na aproni, nimeifua na kuipiga pasi, lakini nimeikunja kama alivyoikunja yeye. Nakuomba usimpigie kunitetea. Na haya mengine nimwambie mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni kwake, hata asiponikaribisha ndani. Wewe nimekuandikia kwanza kwa sababu uongo ule nilikupa wewe, ukaushika kwa mikono yote miwili, na sikutaka uendelee kushika kitu kisichokuwepo. Kama utaniita nije nikuombe msamaha mbele ya wazee, nitakuja. Tiketi ya Disemba ninayo tayari. Ile karatasi nilitaka kuitia ndani ya bahasha hii, nikashindwa kuiachia. Nitaileta mfukoni, uuone mwandiko wake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na yule jirani anayekohoa naye umsalimie. Nyokabi anasema ndama akiwa jike apewe jina la kwao hapa, nikamwambia hilo ni lako kuamua. Siku ukipika ile supu yako ya viazi na kitunguu cha majani, jaza kikombe kimoja zaidi, ukiweke mezani hata kama hakuna wa kukinywa, unikumbuke.

Mimi mkweo,
Bethuel